Masika Niliyonyamaza

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa koo aliniandikia masharti kwenye karatasi na kunisukumia, kana kwamba mimi ndiye nisiyesikia: siku kumi na nne, hakuna kusema, hakuna kunong'ona, hakuna kukohoa kwa makusudi. Kisha akajicheka. "Samahani, Mwalimu. Masikio yako hayana tatizo." Kijinyama alichokikata kwenye nyuzi za sauti ni kidogo kama punje ya mtama. Kimepelekwa maabara kupimwa kama ni saratani. Majibu ni baada ya wiki nne au tano.

Nimefundisha darasa la tatu miaka kumi na tisa na kwaya ya kanisa miaka kumi na miwili. Sijawahi kunyamaza hata nusu siku. Mume wangu anasema hata usingizini natoa maelekezo. Nimenunua daftari hili nipate pa kusemea.

Jumanne, 5 Machi

Mvua imeanza, na Mama hakunielewa.

Niandike vizuri. Mama ni mama mzazi wa mume wangu. Anaishi nasi tangu mwaka juzi, macho yake yalipozidi kufunga ukungu. Sasa anajua tu kama kuna mwanga au giza, na mtu akisimama mlangoni anaona kivuli basi. Jana mume wangu alimweleza kwamba nimekatazwa kusema. Lakini mume wangu ni fundi bomba, na mvua ikianza simu yake hailali; leo alitoka kabla hatujaamka vizuri. Nikampelekea Mama chai.

"Umeamkaje, mwanangu?"

Kimya.

"Nimeuliza, umeamkaje?"

Nikaweka kikombe mezani. Akageuza uso kuelekea kilipolia. "Nimekukosea nini?" aliuliza, taratibu kabisa.

Nikakimbilia karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa, nikamsogezea. Karatasi, kwa mtu asiyeona! Ningekuwa na sauti ningecheka. Mwishowe nikachukua mkono wake nikauweka kooni mwangu, juu ya kitambaa. Akapapasa.

"Aaa! Koo! Jamani, nimesahau, mtoto wa watu. Pole sana."

Na mkono ukiwa bado kooni, bila kuinamisha kichwa wala kubadili sauti, akaanza kuomba kama anayezungumza na mtu aliyeko chumba cha pili: "Baba, huyu hapa. Koo lenyewe hili, nimelishika. Wewe ulilitengeneza, unajua linavyofunguliwa. Na asante kwa chai."

Akanywa chai.

Jumatano, 6 Machi

Mama ametunga utaratibu. Nikimgonga mkono mara moja ni ndiyo, mara mbili hapana, mara tatu sijui. Leo ile ya mara tatu nimeigonga kuliko nyingine zote.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua kutwa. Chiriku alikuja. Jina hilo tulimpa kwayani kwa sababu hanyamazi. Kwa kazi ni msusi, na wateja wake wanasema wanatoka na habari za mji mzima kichwani pamoja na nywele. Ana miaka ishirini na minne na sauti ya kwanza nzuri kuliko yangu ilivyokuwa katika umri wake. Mchungaji amempa kwaya aishike mpaka nipone.

Alizungumza saa nzima peke yake. Akiaga akaomba ufunguo wa kabati la vitabu vya nyimbo. Nikampa. Iliniuma kama vile nimempa mume.

Jumapili, 10 Machi

Kwaya imeimba bila mimi na haikuanguka. Nilitaka ianguke kidogo. Naliandika hili kwa sababu daftari ni la ukweli.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Hakuna la kuandika.

Jumanne, 12 Machi

Lipo la kuandika. Naogopa.

Mama yangu mzazi alikufa kwa uvimbe wa koo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nakumbuka miezi ya mwisho alivyokuwa akituita kwa kupiga kijiko kwenye kikombe. Sijamwambia mtu tangu nikatwe hiki kijinyama, hata mume wangu, ingawa anajua na anajua kwamba najua. Usoni ananitazama kama anavyotazama bomba lililopasuka ndani ya ukuta: anasikia maji, haoni yanakotokea.

Naomba kila siku. Maombi yangu yamepangwa vizuri: sifa kwanza, halafu toba, halafu mahitaji. Lakini siku hizi sifa nazipitia mbio kama mtoto anayemaliza hesabu ili atoke kucheza. Na kila nikifika kwenye "mapenzi yako yatimizwe," naongeza "lakini."

Mama yeye hapangi kitu. Leo mchana nilimsikia akishukuru kwa mto wa kulalia. Mto! "Baba, asante kwa mto huu, hauna kelele." Kisha akaomba majibu yangu yawe mema, sentensi moja tu, halafu akalala papo hapo, kama aliyetua mzigo kwa mtu anayemwamini na kuendelea na safari zake.

Nilimwonea wivu. Tena nilikasirika kidogo. Ni rahisi kuamini ukiwa huoni hatari, nilisema moyoni. Kisha nikatazama yale macho yake nikaona aibu.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nimejifunza jambo barabarani.

Mama alikuwa na miadi ya kupimwa presha. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi, njia yote ni tope na madimbwi, na kwenye kona ya duka la dawa wameweka ubao mmoja juu ya shimo. Kila siku nikitembea naye huwa namwelekeza kwa mdomo: panda, shuka, jiwe hilo, subiri. Leo sina mdomo. Nilisimama mlangoni nikiwa nimemshika mkono, nikawaza tusiende.

"Twende," akasema. Akaweka kiganja begani kwangu. "Wewe tembea tu. Bega linasema."

Tukaenda. Nikiinama, naye akainama. Nikisimama, akasimama. Kwenye ubao nilitetemeka mimi. Yeye alikuja nyuma yangu akiniuliza kama nimekumbuka kuanika mashuka. Hakupapasa kwa mguu hata mara moja kuona kama kuna ardhi. Alikanyaga nilipokanyaga, mwanamke wa miaka sabini na tisa, anacheka na kila anayemsalimu.

Nami nilikuwa nikiwaza: mimi nimekuwa Mkristo tangu utoto, na sijawahi kumfuata Mungu hivi hata hatua tatu. Mimi nataka nielezwe kwanza: panda, shuka, jiwe hilo.

Presha yake ni nzuri kuliko yangu.

Ijumaa, 15 Machi

Kuna jambo nimelizunguka tangu daftari lianze. Niliandike.

Mwaka juzi Mama alipohamia kwetu alijiunga na kwaya. Alikuwa na furaha kama msichana. Lakini Mama hana sikio. Wimbo ukipanda yeye anashuka, ukishuka anakaa palepale akiungoja urudi, na anaimba kwa nguvu zake zote. Tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano ya kwaya. Nikamwambia, mbele ya watu wanne, kwamba kwaya inahitaji wanaoona kitabu, na kwamba yeye atatufaa zaidi kwenye kikundi cha maombi. Ilikuwa uongo. Nusu ya sauti ya pili hawajui kusoma noti, wanaimba kwa kukariri.

Alisema, "Asante, mwanangu." Akakunja sare yake akanirudishia, imepigwa pasi.

Tulishika nafasi ya tatu.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika jioni, nguo za Mama zinakauka jikoni na yeye yuko kitandani, mzima.

Asubuhi mume wangu alifungua mtaro wa nyuma ya nyumba. Ni mtaro mkubwa wa mtaa, una kina cha kumfika mtu kifuani, na umefunikwa kwa mifuniko ya zege. Ulikuwa umeziba, basi akaondoa mfuniko mmoja ili azibue kwa fimbo. Katikati ya kazi akapigiwa simu: shule fulani bomba limepasuka, maji yanaingia darasani. Akaziba shimo kwa bati, akaweka mawe mawili juu. "Msiende nyuma mpaka nirudi," akaniambia, Mama akiwa bado amelala, nami nikagonga meza mara moja, kama ninavyomgonga Mama.

Saa tisa mchana mbingu ilifunguka. Sijaona mvua ya namna ile. Kwa dakika chache uwanja wote wa nyuma ukawa bwawa la rangi ya chai ya maziwa. Mtaro ulifurika, bati likanyanyuliwa na maji likaenda zake, na shimo halikuonekana tena. Juu pote palikuwa maji matulivu.

Mimi nilikuwa jikoni nikikinga maji yaliyovuja darini. Nikainua kichwa dirishani. Mama alikuwa nje.

Alikuwa amesikia mvua akakumbuka mashuka niliyoanika alfajiri. Kamba ya nguo anaijua. Anaifuata kwa mkono kutoka mlango wake mpaka mwisho. Alikuwa tayari na shuka mbili begani, maji yanamfika magotini, anavua vibanio kimoja kimoja na kuvitia mfukoni kwa utaratibu. Kamba inaishia kwenye nguzo. Shimo liko hatua mbili kabla ya nguzo.

Nikafungua mdomo nikaita "Mama!" kwa nguvu zangu zote.

Hakikutoka kitu. Hewa tu, na maumivu kama nimemeza kijinga cha moto. Nikaita tena. Hewa. Naye akavua kibanio kingine, akasogea.

Nilinyakua sufuria na mwiko nikatoka navyo mlangoni nikapiga. Sikupiga ovyo. Sijui kwa nini, mkono wenyewe ulipiga mara mbili, ukasimama, mara mbili, ukasimama. Hapana. Hapana. Hapana.

Mama akasimama.

"Ni wewe?" akaita. "Umesema hapana?"

Nikapiga mara moja.

"Basi nimesimama. Njoo unichukue."

Na akasimama kweli. Mguu uliokuwa umeinuka aliurudisha pale ulipotoka. Hakugeuka kutafuta njia, hakupapasa. Nilikuwa na hatua kumi na tano za kwenda na maji yakivuta, nikipapasa chini kwa mwiko kila hatua, na muda wote huo alikuwa amesimama kwenye mvua na mashuka begani, midomo inatembea. Nilipofika karibu nikasikia anachosema: "Asante, Baba. Asante. Asante, anakuja." Nilikuwa sijamshika bado!

Nikamshika kiunoni. Mguu wangu wa kulia ukagusa ukingo wa shimo. Kati ya kidole chake cha mguu na utupu palikuwa kama urefu wa kitabu cha nyimbo.

Mume wangu aliporudi na kuliona lile shimo alikaa chini kwenye sakafu iliyolowa, na nguo zake za kazi, akalia kama mtoto. "Mama, nisamehe, ni mimi." Mama akampapasa kichwa: "Nyamaza, baba. Mashuka yote yamepona."

Nilimwandikia mume wangu swali amuulize. Akasoma kwa sauti: "Anauliza hukuogopa?"

"Niogope nini? Nilishajua yupo. Mtu akinyamaza siyo kwamba kaondoka. Siku zote hizi hasemi, na chai inakuja."

Nilitoka nikasimama jikoni peke yangu. Siku kumi na mbili nimekuwa nikimlalamikia Mungu kwamba hanijibu.

Jumapili, 17 Machi

Sikwenda kanisani. Koo limevimba. Maji yamepungua.

Jumatatu, 18 Machi

Daktari ameingiza kamera yake. "Ulipiga kelele?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akatazama picha kwa makini. Kidonda kimefunguka upande mmoja. Huenda kingefunga vibaya hata bila hivyo, alisema, hawezi kuapa. Ameniongezea siku kumi.

Nilipoona uso wa mume wangu nikamwandikia: *Mama asiambiwe.* Tena chini yake: *Ningeita tena.*

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Chai. Mto. Vibanio. Nimeanza kuandika pembeni mwa daftari vitu ambavyo Mama anavishukuru. Ukurasa umejaa.

Jumatano, 27 Machi

Chiriku amekuja tena, na leo hakuzungumza. Alikaa akishika magoti. Nikamsukumia karatasi: *Kuna nini?*

"Mwalimu, siwezi," akasema, akaanza kulia. "Wanadhani nafurahia. Kuimba najua, kuongoza sijui. Kila nikiinua mkono nakuiga wewe, na nikikosa wewe wa kukuiga naganda. Namwomba Mungu kila siku usiwe na kitu kibaya. Si kwa ajili ya kwaya tu. Ni kwa ajili yako."

Nilikuwa nikimwandama moyoni wiki tatu, na yeye wiki hizo tatu ananiombea. Nikamvuta tukasimama mbele ya kabati la vyombo. Nikamfundisha kwa mikono: namna ya kupumua kabla yao, namna ya kuwatazama sauti ya nne wasilale. Tuliimbisha vikombe na sahani. Mama akiwa kitini anapiga makofi, nje kabisa ya mapigo, na mara hii sikukunja uso.

Alhamisi, 28 Machi

Daktari ameruhusu dakika tano kwa siku, sauti ya chini.

Garini mume wangu alisubiri. Najua alitaka aitwe yeye kwanza. Nilimwekea mkono gotini, na alipoona nimenyamaza mpaka nyumbani akaelewa. Ni mwanamume mwema.

Nilikaa miguuni kwa Mama. "Mama," nikasema. Sauti ilitoka imekwaruza, kama kabati linaloburutwa.

"Eee! Nani huyo? Ni wewe? Sema tena!"

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Ile siku nilipokutoa kwaya. Nilisema ni kwa sababu ya macho. Haikuwa macho."

"Ilikuwa nini?"

"Mama, ulikuwa unaimba vibaya."

Akacheka mpaka meno ya mbele yakaonekana yote mawili. "Hilo mbona nalijua! Marehemu baba yenu nikianza kuimba alikuwa anakumbuka ana kazi shambani."

"Lakini nilikudanganya. Mbele za watu. Na nilikuumiza."

Hapo kicheko kikaisha. "Uliniumiza, ndiyo," akasema. "Sitakwambia hapana. Nililia siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa nafua, nikajikuta naimba. Nikajiuliza, kumbe hapa kwenye beseni nani kanifukuza? Yule ninayemwimbia hajanirudisha hata siku moja." Akashika uso wangu kwa mikono miwili. "Nilikusamehe kwenye beseni, mwanangu. Nilisahau tu kukwambia. Dakika zako zimeisha, nyamaza sasa."

Zilikuwa zimebaki mbili. Nilizitumia kulia, daktari hakusema lolote kuhusu hilo.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua nyepesi. Majibu bado.

Ijumaa, 5 Aprili

Majibu bado. Maabara wanasema wiki ijayo. Nimeomba leo na sikuongeza "lakini." Niliiona ikija nikaiacha ipite. Mikono ilitetemeka hata hivyo. Labda kuamini siyo kutotetemeka.

Jumapili, 7 Aprili

Niliketi na Mama benchi la nne. Chiriku aliinua mkono, akapumua kabla yao, na kwaya ikaingia kama mtu mmoja. Sikutaka waanguke. Nilitaka waruke.

Ulipofika wakati wa sifa, kanisa zima likasimama. Mimi miaka kumi na miwili sijawahi kusifu wakati huo. Huwa nasikiliza nani kakosea. Leo sikuwa na wa kumsikiliza ila huyu mzee pembeni yangu, ameinua mikono yote miwili, uso juu, macho yake yaliyofunga ukungu yamefunguliwa wazi, anaimba wimbo ambao hakuna mwingine aliyekuwa akiuimba pale ndani. Alikuwa mzuri. Sijui nitumie neno gani lingine. Alikuwa kama mtoto aliyemwona baba yake langoni na kudondosha vyote alivyoshika.

Nikafungua mdomo. Ilitoka ile sauti ya kuburuta. Mstari ulipopanda nikashindwa, ikakatika katikati. Wa mbele yetu akageuka. Nikaendelea. Sikuwa najua kama ndani ya koo hilo kuna kifo au uzima, na nilikuwa naimba, na hofu ilikuwepo bado, imekaa pembeni kama mgeni ambaye hakuna aliyepata muda wa kumhudumia.

Jumatano, 10 Aprili

Leo jua limetoka tangu asubuhi.

Daktari alifungua bahasha mbele yetu. Si saratani. Alirudia mara mbili kwa sababu mume wangu aliuliza mara mbili. Kisha akasema la pili, akiangalia meza: sauti ya juu haitarudi. Kufundisha darasa nitaweza, nikitunza. Kuongoza kwa mikono nitaweza. Lakini ile sauti ya kwanza, hapana. Pole, Mwalimu.

Nililia kwa yote mawili, na sikujaribu kutenganisha machozi.

Nyumbani Mama alikuwa kitini karibu na dirisha, amegeuzia jua uso. Nikapiga magoti nikamwambia yote, la kwanza na la pili. Alisikiliza akinishika masikio, kama anavyofanya akitaka mtu asiondoke.

"Hilo la kwanza nilishalishukuru Jumapili," akasema.

"Ulijuaje, Mama?"

"Sikujua."

"Sasa kama yangekuwa mabaya?"

Akafikiri. Anapofikiri huwa anatafuna midomo.

"Ningekuwa nimeshamaliza kushukuru, ibaki kazi ya kulia. Tungelia vizuri, pamoja, bila haraka. Na yeye yupo." Akanipapasa kooni. "Na hili la pili ndiyo tulilie sasa?"

"Nimeshalia njiani."

"Haya. Basi omba wewe leo. Mimi nimechoka kuomba peke yangu humu ndani."

Mume wangu akavua kofia. Nikafumba macho nikatafuta pa kuanzia: sifa, toba, mahitaji. Sikuona hata kimoja. Ndani kulikuwa kweupe kama chumba kilichotolewa vyombo vyote.

"Baba," nikasema. "Asante."

Nikangoja kingine kije. Hakikuja, na hakikuhitajika. Jua lilikuwa magotini kwa Mama.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, Mama."

"Amina!" akasema, kwa sauti ya kanisa zima.